Presha ya Mama

Nyangi mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Kamunyonge kumuaga mama yako wa ubatizo, na ninavyomjua hatakuruhusu uondoke bila kula. Basi nina mchana mzima. Nimekaa kwenye meza ya kulia, nimesogeza sanduku lako pembeni, na sitakuandikia habari za chandarua, wala za marafiki wabaya, wala za kusali kabla ya kulala. Shangazi yako ameshakuambia hayo mara tatu, na mara ya tatu nilikuona unaitikia huku unaangalia simu. Mimi nina jambo moja tu. Nimekaa nalo miaka tisa na limeniozea ndani.

Lilinitibukia Jumapili. Padri alikuita mbele ili uombewe safari, akakuuliza ni nini kimemsukuma binti wa Nyasho kwenda kusomea ufundi wa ndege. Ukashika kipaza sauti bila hata kutetemeka, ukasema, "Baba yangu alinifundisha kwamba kabla hujaamini kipimo, upime kwanza kipimo chenyewe." Watu wakapiga makofi. Wanawake wa jumuiya wakanigeukia na kutabasamu, na mimi nikainamia viatu vyangu. Nilikukasirikia, Nyangi. Hukuwa na kosa lolote, lakini nilikukasirikia jinsi mtu anavyomkasirikia aliyemshika mahali panapouma.

Halafu tukatoka nje. Mjomba wako Wambura alikuwa amesimama pale getini, amekuja kutoka Bunda na suti yake ile ya kahawia, amebeba kuku wa kukuaga. Ukampita kama mtu anavyoipita nguzo ya umeme. Aliinua mkono, akaona humwangalii, akaushusha, akamkabidhi shangazi yako yule kuku na kuondoka. Kuku mmekula wewe na wenzako. Mimi sikuonja.

Nataka kukuambia kwa nini sikuonja. Lakini lazima nianzie kwenye injini, kwa sababu huko ndiko nilikoanzia kuharibu.

Watu wanaogopa presha ya oili ikishuka, na wana haki. Ikipanda wanafurahi, wanadhani injini ina nguvu. Wewe utafundishwa vinginevyo. Presha ikizidi juu maana yake oili inasukumwa na haipati pa kwenda. Pengine ni nzito mno, pengine bado ni baridi, pengine kuna njia imeziba mbele, au ile valvu ndogo inayorudisha oili ya ziada imekwama na haifunguki. Au injini ni nzima kabisa, ila geji ya kwenye dashibodi inasema uongo. Kwa hiyo unaiacha injini ipate moto. Unaangalia oili iliyomo ni ya aina gani. Unafunga geji nyingine, ile ya mkononi, inayosoma kwenye injini yenyewe. Ukishahakikisha kwamba presha kweli iko juu, ndipo unafungua valvu, unatoa springi yake, unasafisha na kukagua. Skrubu ya kurekebisha presha ndiyo ya mwisho kabisa kuguswa.

Mimi nilianza na skrubu.

Mwaka ule kiwanjani Musoma tulikuwa na ndege mbili ndogo. Ile changa tuliiita Binti, na ile kuukuu tuliiita Mama. Unakumbuka, ulikuwa ukija likizo unaipangusa bawa kwa kitambaa. Mwalimu wako wa Kiswahili angetucharaza fimbo wote, maana kule kwenye banda letu ndege haikuwa kitu, ilikuwa mtu. Hatukusema imeharibika, tulisema Mama anaumwa. Mama amekunywa oili nyingi. Mwacheni Mama apoe. Rubani akishuka tu anasema, "Fundi, Mama leo hajaamka vizuri," na kila mtu anaelewa.

Basi Mama akaanza kuonyesha presha juu. Rubani akaja analalamika. Geji yetu ya mkononi nilikuwa nimemwazima fundi mmoja wa Mwanza, na niliona aibu kumwambia airudishe haraka, asije akajua kwamba hatuna nyingine. Wageni walikuwa wanangoja kupelekwa mbugani. Nikashika bisibisi, nikalegeza skrubu mzunguko mmoja, sindano ya geji ikarudi taratibu kwenye kijani. Rubani akanipiga begani: "Fundi, umetisha!" Nikajiona mkubwa. Baada ya siku tatu sindano ikapanda tena. Nikalegeza tena. Wiki mbili nzima nilikuwa naitibu geji, na injini sijaiuliza hata swali moja.

Katika wiki hizo hizo mama yako alikwenda kupima pale zahanati, kwa sababu ya kichwa. Akarudi na kikaratasi. Presha juu. Alikiweka hapa mezani, karibu na bakuli la dagaa, na wewe ulikuwa umekaa pale pa siku zote. Nilikisoma, nikacheka, nikamwambia, "Umetembea na jua kutoka barabarani, ukakaa tu wakakufunga mkanda wao. Ungepumzika kwanza. Na hiyo mashine yao nani ameipima?" Kisha nikakugeukia wewe na kukupa lile somo ulilolitoa kanisani Jumapili. Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulicheka, mama yako naye akacheka, akakikunja kile kikaratasi. Alikwenda mara ya pili, akarudi na jibu lile lile, na mimi nikarudia utani ule ule. Majirani wakaanza kuniita daktari wa presha.

Somo lenyewe si baya, Nyangi. Kushuku kipimo ni kazi halali ya fundi. Lakini ni nusu ya kazi. Ukishaishuku geji unakwenda kutafuta nyingine, unaifunga, unatazama. Mimi kwa mama yako niliishia kwenye kushuku. Hukuniona nikimpeleka kwingine akapimwe upya, kwa sababu sikumpeleka. Nilikufundisha nusu, ukaibeba mpaka mbele ya altare, watu wakaipigia makofi.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Sehemu kubwa unaijua, kila mtu anaijua.

Mama yako alikuwa Butiama kwa babu yako mzaa baba, pamoja na shangazi yako, amekwenda kusaidia kuvuna mtama. Wewe ulikuwa shule. Mimi nilifika kiwanjani mapema kwa sababu geji ya mkononi ilikuwa imerudi jana yake kwenye basi la Mwanza. Nikaifunga, nikamwasha Mama, nikamwacha apate moto. Kisha nikasoma. Presha ilikuwa chini. Haikuwa chini kidogo, ilikuwa chini pabaya. Nikazima, nikaketi juu ya sanduku la vifaa, nikaelewa kila kitu kwa mara moja: injini haikuwahi kuumwa. Geji ya dashibodi ndiyo ilikuwa inadanganya, baadaye niliona ni waya mmoja wa nyuma umeshika kutu na kulegea. Na mimi, kwa skrubu yangu ya kila siku tatu, nilikuwa nainyima injini nzima oili, kidogo kidogo, huku nasifiwa. Saa nne wageni walikuwa wapande.

Kitu cha kufanya kilikuwa rahisi. Ningetembea hadi kwa rubani, alikuwa pale kivulini anakunywa chai, nimwambie: nimekosea, leo Mama haruki mpaka nimkague. Angefoka. Wageni wangekunywa chai ya pili. Basi. Badala yake nikavuta turubai upande wa banda ili asinione, nikarudisha skrubu, nikatoa chujio la oili, nikalikata, nikaanza kutafuta ndani yake chembe za chuma, kuona kama nimeshaiua injini. Nilikuwa namwomba Mungu asije mtu.

Akaja Wambura.

Unajua alikuwa mlinzi wa geti pale, mimi ndiye niliyemtafutia kazi, kaka wa mke wangu. Simu zetu zote zilikaa kwake getini, kwa kuogopa moto kwenye mafuta ya ndege. Alikuja anakimbia, akasimama nje ya turubai.

"Shemeji, Mama presha imempanda."

"Najua," nikasema.

"Wanauliza wafanyeje."

"Waambie wamwache apoe. Wasimguse. Presha ya asubuhi inapandaga, itashuka yenyewe."

Mpaka hapo, Nyangi, ni ile hadithi unayoijua. Wambura alisema Mama, fundi akadhani ndege. Jibu la ndege likapelekwa Butiama, likapokelewa kama jibu la mke. Wakampumzisha, hawakumgusa, kwa sababu mume amesema, tena mume mwenyewe anajua mambo ya presha. Nimeisikia ikisimuliwa misibani, nimeisikia ikisimuliwa hata na watu wasionijua, wanatikisa kichwa, wanasema lugha hii nayo jamani. Na wote wanamaliza kwa Wambura: mtu mzima, anashindwaje kusema "dada yangu"?

Alisema.

Alikwenda hatua kama kumi, nikasikia viatu vyake kwenye changarawe, halafu akarudi. Safari hii aliinua turubai. Alinitazama usoni, nikiwa nimepiga magoti na lile chujio lililokatwa mkononi, akasema, "Shemeji, nasema dada. Mama yake Nyangi. Wamepiga simu kutoka Butiama. Kichwa kinamuuma sana na anasema macho hayaoni vizuri. Wanauliza watafute gari au?"

Nilisikia. Nataka usome neno hilo taratibu. Sikuwa mbali, injini ilikuwa imezimwa, hakukuwa na upepo. Nilisikia dada, nikasikia macho, nikasikia gari. Na nyuma ya Wambura nikamwona rubani ameinuka kutoka kivulini na kikombe chake, anakuja upande wetu. Nilichokiwaza ni kwamba huyu mtu afunge turubai, aondoke, rubani asione chujio. Hicho tu. Mama yako alikuwa sentensi inayonichelewesha.

Nikamwambia, "Nimeshasema."

Kwetu kaka wa mke hana kauli mbele ya mume, na pale kazini mimi nilikuwa mkubwa wake. Akateremsha turubai. Akaenda kuwaambia kwamba fundi anasema wamwache apumzike, itashuka. Alifikisha maneno yangu kama nilivyoyatoa, hakuongeza wala kupunguza.

Chujio lilikuwa safi. Nikafunga jingine, nikarekebisha waya, nikapima mara mbili kwa geji ya mkononi. Saa nne na kitu Mama akaruka na wageni wake, presha safi kabisa, na nikasimama pale kiwanjani nikijisikia mtu aliyeponea chupuchupu. Kwenye daftari la ndege niliandika kwamba geji imerekebishwa. Skrubu sikuiandika.

Saa sita nilichukua simu yangu getini, nikampigia shangazi yako kule Butiama. Akasema, "Amelala. Anakoroma sana." Nikasema vizuri, mwacheni alale. Mimi ninayejisifu kwamba najua injini kwa sikio, nikaambiwa mke wangu anakoroma mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja katika miaka kumi na tatu ya kulala naye, nikasema vizuri. Saa nane walishindwa kumwamsha. Wakatafuta gari bila kuniuliza, na ndivyo wangefanya toka asubuhi kama wasingekuwa na mtu wa kumuuliza. Alifia humo garini, kabla hawajafika Makutano, njiani kuja hospitali.

Kwenye matanga babu yako mzaa mama aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyesema mgonjwa aachwe. Shangazi yako akasema ni maneno ya fundi, yamepitia kwa Wambura. Wakanigeukia. Nikasema, "Nilijua ni ndege. Aliniambia Mama."

Huo ulikuwa ukweli, wa alipokuja mara ya kwanza. Kisha Wambura akasema polepole, "Shemeji, si nilirudi?"

Wewe ulikuwa umekaa mkekani, umeegemea paja la bibi yako mzaa mama. Nilikuona unanitazama. Wambura naye alinitazama, ananingoja. Ilikuwa zamu yangu kusema. Nikainamisha kichwa, nikajifuta uso, watu wakadhani fundi analia. Kweli nilikuwa nalia, lakini nililitumia lile chozi. Kimya kikawa kirefu mpaka Wambura mwenyewe akakivunja: "Basi labda sikusema vizuri."

Bibi yako akapiga yowe. "Dada yako, Wambura! Dada yako, kwa mdomo wako mwenyewe!" Nakumbuka ulivyogeuza macho kutoka kwangu kwenda kwake. Nilihisi kama mtu ametuliwa mzigo kichwani. Sitakuficha hata hilo.

Padri aliniambia ni mapenzi ya Mungu, nikaitikia. Nilimwachia Mungu nusu na Wambura nusu, mimi nikabaki mgane wa kuhurumiwa.

Wambura hakukaa mwezi. Akaacha kazi, akahamia Bunda, akaanza kutengeneza baiskeli pale karibu na stendi. Mama yake mzazi, yule bibi yako, aliipokea salamu yake kwa shida mpaka anazikwa. Siku ya kipaimara chako alikuletea kitambaa cheupe cha gauni, ukamrudishia mbele ya wageni, ukasema, "Sivai." Watu wakanong'ona kwamba mtoto ana uchungu. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa nimeshika mwiko, nikaendelea kupakua wali.

Mara moja tu tulizungumza. Nilikuwa Bunda kutafuta boliti, nikamkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananyoosha spoku. Nikamuuliza kwa nini hakusema yote siku ile. Nilimuuliza kwa ukali, fikiria, kana kwamba yeye ndiye mwenye deni la kunijibu.

"Nilimnyamazia Nyangi," akasema. "Sio wewe. Alikuwaga ameshakosa mama. Ningesema, angekosa na baba siku hiyo hiyo. Nikaona mjomba anaweza kukosekana."

Akazungusha gurudumu, akalitazama kama linakwenda sawa. Kisha akaniuliza kitu ambacho sijakisahau: "Lakini shemeji, kweli nilisema dada? Maana siku hizi najiulizaga mwenyewe. Kila mtu anasema sikusema. Au niliwaza tu kusema, sikusema?"

Nyangi, nilikuwa na jibu mdomoni. Neno moja. Lingemrudishia akili yake yule mtu. Nikamwambia, "Mambo ya zamani hayo, tuyaache." Nikalipia boliti zangu nikapanda gari.

Ninapofika hapa kalamu inanigomea, kwa sababu kumwacha mke wangu afe kwa neno moja naweza kusema ilikuwa haraka, ilikuwa hofu, ilikuwa asubuhi moja. Lakini pale Bunda sikuwa na haraka. Nilimtazama mtu mzima ananiomba nimhakikishie masikio na mdomo wake mwenyewe, nikamnyima, ili niendelee kuwa baba mzuri mezani kwangu. Hilo ndilo linalonifanya nijichukie.

Unakwenda kusoma kazi ambayo utasaini jina lako, na watu usiowajua watapanda juu ya saini hiyo na kuondoka ardhini. Utakosea. Mimi nilikosea skrubu, kila fundi ana skrubu yake. Haikuua mtu. Yule Mama aliruka miaka mingi baadaye, akauzwa, nasikia bado anaruka. Kilichoua ni dakika zile za kuvuta turubai. Siku utakapojikuta unavuta kitu ili mtu asione mikono yako, simama. Mwite. Mwite hata kama ni yule anayekudharau kwa sababu wewe ni msichana, hata kama atakucheka mwaka mzima. Najua utakavyotaka kusubiri kidogo kwanza urekebishe. Nilitaka hivyo hivyo.

Sitaki usamehe kwa sababu nimeandika vizuri. Wala sitaki uache chuo. Nafasi hiyo umeipata kwa akili zako, haikutoka kwangu, na ukiiacha kwa hasira utakuwa umeniruhusu nikuharibie hata hicho. Chukia ukiwa unasoma. Unaweza, nakujua.

Jana nilimpigia Wambura. Nilianza kwa kumshukuru kwa kuku, nikasikia uongo wangu mwenyewe, nikaacha. Nikamwambia, "Ulirudi. Ulisema dada. Ulisema macho hayaoni. Nilisikia yote."

Nikadhani simu imekatika.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Nilisema dada?"

"Ulisema."

Nikasikia anahema, na nyuma yake kelele za stendi. Akaniuliza kama nimekuambia, nikasema bado. Akasema, "Usimwambie kabla hajasafiri, mtoto atasafirije na hilo?" Hata sasa. Hata baada ya miaka tisa anakufikiria wewe kwanza. Kisha akakata. Baada ya saa nzima akapiga tena, sauti imetulia, akaniuliza unapanda basi gani kesho. Alisema atasimama ng'ambo ya barabara, kule kwenye baiskeli, hatakusogelea wala hatakuita. Anataka tu kukuona ukipita.

Sikumtii. Barua hii nitakupa mkononi kesho hapa Musoma, wakishapakia sanduku lako, na nitakuambia uanze kuisoma kabla hamjatoka mjini, maana Bunda si mbali. Ukiwa umefika mstari huu, tazama nje ujue uko wapi. Mjini Bunda basi husimama kidogo tu, kondakta atakuwa anagonga bati na kupiga kelele. Wambura atakuwa amevaa suti ile ile ya kahawia, hana nyingine.

Shuka, Nyangi. Umsalimie. Basi likikuacha, likuache.

Baba yako,
niliyesikia.